Scoot Henderson: Apewe Mpira Lini, na Akiwa na Nani?

Portland, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, inapocheza nyumbani saa moja usiku, huku Malindi ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili. Kuanzia Novemba, saa za Marekani zikisharudishwa nyuma, mambo hutuangukia vizuri: watu wametoka msikitini, mpwa wangu ameshafungua duka lake la vipuri vya bodaboda, mahamri na mbaazi zimefika kwenye sinia moja, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Hapo barazani ndipo kisa hiki kilipojadiliwa Novemba nzima ya mwaka 2025, na mara mbili watu waliondoka wakiwa wamenuniana.

Tuliyemjadili hata uwanjani hakuwepo. Scoot Henderson, gadi kijana wa Portland, alichanika msuli wa nyuma ya paja Septemba, kabla ya msimu kuanza, na kila asubuhi tuliwatazama wenzake huku tukibishana juu yake: auzwe, atokee benchi, au aanze na apewe mpira? Nimeamua kukiandika kisa chote kwa sababu nina kijana wa miaka 17 ninayemfundisha Jumamosi na Jumapili kwenye uwanja wetu wa simiti ulio karibu na bahari, na swali lake ni lile lile. Kila nilipomjibu mpwa wangu habari za Scoot, nilijua ninamjibu mama wa kijana huyo.

Kwa asiyemfuatilia, Scoot jina lake ni Sterling. Alizaliwa Februari 2004 huko Marietta, Georgia. Akiwa na miaka 17 aliiacha njia ya chuo kikuu akasaini na G League Ignite, timu iliyoundwa ili vijana walipwe huku wakicheza dhidi ya watu wazima. Oktoba 2022, kule Nevada, Ignite ilikutana na timu ya Victor Wembanyama kutoka Ufaransa. Wembanyama alifunga 37. Scoot alifunga 28 na kutoa asisti tisa, yaani pasi zilizozaa alama, na timu yake ikashinda 122 kwa 115. Kwenye drafti ya Juni 2023, siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Wembanyama akaitwa wa kwanza, Brandon Miller wa pili akaenda Charlotte, na Scoot wa tatu, Portland.

Siku chache tu baadaye Damian Lillard, aliyeichezea Portland misimu 11 na ndiye aliyekuwa timu yenyewe, aliomba kuondoka. Septemba akahamia Milwaukee. Kijana wa miaka 19 akawa amekaribishwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama, akapewa funguo zote kabla hajajua choo kiko wapi.

Msimu huo wa kwanza ulikuwa mgumu. Alicheza mechi 62, akaanza 32, akawa na wastani wa alama 14.0 na asisti 5.4, lakini akipoteza mpira mara 3.4 kwa mechi, na mitupo yake iliingia asilimia 38.5 tu. Ya mbali, ya alama tatu, ilikuwa asilimia 32.5. Portland ilishinda mechi 21 kati ya 82. Hesabu hizi ndizo mpwa wangu anazozisoma kama hukumu ya mahakama.

Mimi nazisoma tofauti, na hapa nitakaa kidogo.

Scoot ana urefu wa futi sita na inchi tatu, si mrefu kwa ligi ile. Silaha yake ni hatua ya kwanza. Akiwekewa kizuizi, yaani mwenzake akisimama njiani mwa mlinzi, anampita mlinzi wake kama bodaboda inavyopita foleni ya malori. Lakini mlinzi anayejua kwamba mitupo yako ya mbali haiingii hakufuati juu ya kizuizi. Anapita chini yake, anakungoja ndani, na mrefu wao amesimama karibu na ringi. Mwendo wako wote unakwisha kwenye ukuta. Hapo pointi gadi mchanga, yule anayeleta mpira na kupanga mashambulizi, ana mambo matatu ya kuchagua, na muda wa kuchagua ni kama kupepesa jicho: aendelee mpaka chini ya ringi agongane na mrefu, asimame ghafla atupe kutoka hapo kati, au amwone mwenzake aliyeachwa pembeni. Scoot wa msimu wa kwanza aliendelea. Aliingia kwa kasi moja, akafika kwa kasi ile ile, akatupa akiwa hewani amepinda. Ndiko ile asilimia 38.5 ilikotoka.

Nalijua tatizo hili kwa sababu nalitazama kila wikendi. Uwanja wetu uko wazi. Msimu wa kusi, tangu Aprili mpaka Septemba hivi, upepo unakata uwanja kutoka ubavuni, na mpira uliotupwa kutoka mbali unahama njiani. Watoto wetu wanajifunza mapema kwamba mtupo wa mbali ni bahati nasibu, basi wanaingia ndani. Wanaingia vizuri ajabu. Ukiwapeleka ukumbini, ambako hakuna upepo, wapinzani wanawaachia nafasi ya kutupa na wao hawajui waifanyie nini. Mchezaji anayejua kuingia tu ni mchezaji ambaye hajafundishwa kusimama. Mtu anafundishwa kusimama, na inachukua miaka.

Na Scoot alianza kujifunza. Msimu wa 2024–25 kocha Chauncey Billups alimweka benchi. Alicheza mechi 66, akaanza kumi tu, kwa chini ya dakika 30 kila mechi. Wastani wa alama ulishuka hadi 12.7, lakini mitupo ilipanda hadi asilimia 41.9, ya alama tatu ikafika 35.4, karibu sawa na wastani wa ligi nzima, na mpira akaupoteza mara chache zaidi. Januari aliifunga Chicago alama 39. Timu ikapanda kutoka ushindi 21 hadi 36. Sidai kwamba ni kwa ajili yake peke yake, maana Deni Avdija alikuwa amefika na Toumani Camara alikuwa akikaba kila mtu. Lakini aliyekuwa akipanda pamoja na timu si mzigo kwa timu.

Kisha kikaja kiangazi cha 2025 na kuvuruga kila kitu. Portland ilimpeleka gadi wake Anfernee Simons Boston ikamchukua gadi mwingine, Jrue Holiday, mwenye miaka 35. Wiki hizo hizo Lillard, ambaye Milwaukee ilikuwa imemwachilia baada ya kukatika kano ya kisigino Aprili, akarudi Portland kwa mkataba wa miaka mitatu, akijua msimu wa kwanza ataukaa nje. Naye alikuwa na miaka 35. Kwa hiyo kijana aliyeachiwa nyumba akageuka akawakuta wazee wawili sebuleni. Septemba, paja likachanika.

Hapo ndipo baraza letu lilipogawanyika.

Mpwa wangu anasema auzwe. Hoja yake si ya kijinga, na nitaitendea haki. Anasema timu huuza matumaini kwa bei nzuri kuliko ukweli, na Scoot, wakati ule wa miaka 21, bado ana matumaini ndani yake. Msimu mmoja zaidi wa kuumia na kukaa benchi, na jina litakuwa limechuja. "Mjomba," aliniambia, "samaki huuzwa asubuhi. Ukingoja jua la saa nane, utamla mwenyewe." Kwa mtu aliyelelewa na baba mvuvi ni hoja iliyokamilika.

Nilimjibu kwa kisa cha Billups mwenyewe, yule aliyekuwa kocha wa Scoot misimu miwili. Billups naye alikuwa gadi, naye aliitwa wa tatu kwenye drafti, ya mwaka 1997, na Boston. Boston ilimtazama kwa mechi 51 ikamuuza Toronto kabla msimu wake wa kwanza haujaisha. Akapita Denver, akapita Minnesota, na mwaka 2002 akafika Detroit. Mwaka 2004 Detroit ilitwaa ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Aliyemuuza asubuhi alimkuta mezani kwa mwingine jioni.

Mwalimu akaingilia. Mwalimu ni mzee wetu, amestaafu ualimu, na wengi tuliopita shuleni kwake tulishika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza kutoka mikononi mwake. Akasema, kwa upole ule wake unaouma: "Mwanangu, umejijibu vibaya. Huyo Billups alifundishwa na kuzunguka. Angebaki Boston pengine asingekuwa yule." Sikuwa na jibu. Nilinywa chai.

Baadaye niliona mfano ulio bora zaidi ni wa Sacramento. Walikuwa na magadi wawili wachanga, De'Aaron Fox na Tyrese Haliburton, wote wakitaka mpira mkononi. Februari 2022 walimtoa Haliburton kwenda Indiana wakampata Domantas Sabonis. Mpwa wangu aliruka: mwaka uliofuata Sacramento ilirudi kwenye mchujo baada ya kukosa misimu 16! Kweli kabisa, simnyimi. Lakini Juni 2025 Haliburton aliifikisha Indiana hadi mechi ya saba ya fainali, na Fox alikuwa ameshaondoka kwenda San Antonio tangu Februari. Waliouza gadi mmoja ili kumpa nafasi mwingine wamebaki bila yeyote. Timu ikiamua kwamba magadi wawili hawakai pamoja, iwe na hakika kwamba imeshajaribu kuwakalisha. Portland haijajaribu.

Mwalimu yeye hataki auzwe wala akae benchi. Anataka Scoot akipona aanze kila mechi, apewe mpira, akosee mpaka achoke kukosea. Anasema gadi ni kama nahodha wa jahazi: hawezi kujifunza kushika usukani akiwa amekaa shetrini akimtazama mwingine. Na anauliza swali ambalo bado linanisumbua: timu iliyomchagua wa tatu, ikampa mechi 32 za kuanza na kisha ikamrudisha nyuma, imemwambia nini kuhusu imani yake kwake?

Msimamo wangu wa mwanzo ulikuwa wa kati, na nilijiona nimepata jawabu. Nilisema awe mchezaji wa sita. Atoke benchi, aongoze kikosi cha pili, na huko mpira uwe wake bila kugombaniwa. Nikamtaja Manu Ginóbili: mataji manne na San Antonio, mchezaji bora wa akiba mwaka 2008, na miaka mingi alianzia benchi. Tena nikaongeza, nikiwa na uhakika nimemaliza kazi, kwamba Portland msimu ule ilikuwa ikiongozwa na Tiago Splitter mahali pa Billups, naye alicheza pamoja na Ginóbili na kutwaa naye ubingwa wa 2014. Kocha huyu ameiona kazi ya benchi ikifanywa na bingwa, kwa macho yake, kila siku mazoezini.

Mwalimu aliniuliza Ginóbili alikuwa na umri gani. Nikanyamaza kwanza, nikahesabu. Alipofika San Antonio mwaka 2002 alikuwa na miaka 25 na ameshakuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 2004 alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Athens akiwa na Argentina. Alipopokea ile tuzo ya mchezaji wa akiba alikuwa na miaka 30. "Basi," Mwalimu akasema, "yule alikubali benchi akiwa anajijua ni nani. Wewe unampa mtoto ambaye bado anajitafuta. Kwake yeye ni adhabu tu, hata uipake asali."

Maneno hayo ndiyo yaliyonibadilisha. Sikuliacha wazo la benchi, lakini niliona sikuwa nimelimaliza. Nilikuwa najibu swali la anaanza au haanzi, wakati lililo muhimu ni anacheza na nani ubavuni anapokuwa na mpira.

Tazama Holiday ni mtu wa aina gani. Alikuwa bingwa na Milwaukee mwaka 2021 na Boston mwaka 2024. Milwaukee mpira ulikuwa wa Giannis Antetokounmpo, Boston ulikuwa wa Jayson Tatum na Jaylen Brown. Holiday alikaba gadi hatari zaidi wa upande wa pili, akasimama pembeni akatupa ya alama tatu, akashika mpira pale tu alipohitajika. Mchezaji kama huyo hamzuii Scoot. Wengi barazani waliposikia Holiday amekuja walisema mlango umefungwa, nami nilikuwa miongoni mwao. Sasa naona ndiye mtu wa kwanza tangu kijana huyu afike Portland anayeweza kucheza naye kwa wakati mmoja bila kumnyang'anya mpira, na akambebea kazi nzito ya ulinzi juu yake. Simons hakuweza hilo la ulinzi. Hata Lillard akipona atakuwa akitupa kutoka mbali kiasi kwamba mlinzi wake hawezi kumwacha akaenda kujaza njia ya Scoot.

Hesabu yake ni rahisi. Mechi ya NBA ni dakika 48, na nafasi mbili za gadi ni dakika 96. Kwa maoni yangu Holiday kwa umri wake asipewe zaidi ya 28. Shaedon Sharpe, gadi mwenzao aliyeongezewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 90 Oktoba 2025, achukue 32, nyingine akicheza pembeni zaidi. Zinabaki 36, na Scoot anaweza kupata 26 hadi 30 bila mtu kuonewa. Katika hizo, nusu aongoze kikosi cha pili akiwa na Donovan Clingan, mrefu wa timu, wa kumwekea vizuizi na watupaji wawili pembeni. Nusu nyingine acheze na Holiday, mpira ukiwa wa Scoot. Na dakika tano za mwisho za mechi zisiwe na mwenyewe wa kudumu: aliyecheza vizuri siku hiyo amalizie. Kijana akijua kwamba anaweza kumaliza mechi, kuanza kwake benchi hakumkwaruzi sana. Hilo nalisema kwa Mwalimu, na Mwalimu amelikubali nusu.

Nusu aliyoikataa ni ya Avdija. Anasema nimemsahau, na kwamba Avdija naye anapenda kuushika mpira tangu chini, hivyo dakika zangu nzuri za karatasi zitaliwa na mtu ambaye si gadi kabisa. Ni kweli. Hapo Splitter atalazimika kusema wazi nani analeta mpira wakati upi, na aseme mapema, maana wachezaji wawili wanaosubiriana ndio wanaopoteza mpira kuliko wote.

Kuhusu mkataba sitakaa sana. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza anapata miaka minne, miwili ya mwisho ikiwa kwa hiari ya klabu. Baada ya msimu wa tatu, yaani kiangazi cha 2026, Portland inaweza kumwongezea kabla msimu mpya haujaanza. Isipofanya hivyo, mwaka 2027 atatafuta ofa nje na Portland itakuwa na haki ya kuilipa ofa hiyo hiyo ili imbakize. Wengi wanasema timu ingoje, kwa sababu ya paja. Mimi ningempa kabla, kwa bei ya wastani, kwa sababu atakapokuwa mchezaji niliyemweleza hapo juu bei haitakuwa ya wastani tena. Mpwa wangu anasema hiyo ni kununua samaki ambaye bado yumo baharini. Amenikamata kwa msemo wake mwenyewe, nami nimebaki na msimamo wangu.

Sasa kijana wetu. Klabu moja ya Mombasa imemwita akae nao likizo ya Desemba, na kama mambo yatakwenda vizuri, abaki. Huku kwetu ndiye timu: analeta mpira, anafunga, anapanga wenzake kwa kelele. Kule atakaa benchi nyuma ya watu wazima wanaolipwa, kwenye ukumbi usio na upepo. Mama yake alinifuata baada ya swala ya Ijumaa akaniuliza, "Kocha, mwanangu nimpeleke akawe mdogo tena?" Mwezi mmoja nyuma ningemwambia ndiyo, aende, benchi litamfunza. Safari hii nilimwomba namba ya kocha wa kule. Nikampigia, nikamuuliza jambo moja tu: kijana akiingia uwanjani, atacheza ubavuni mwa nani? Akaniambia wana gadi mmoja mkubwa anayekaba sana na hapendi kuleta mpira. Nikarudi kwa mama nikamwambia ampeleke.

Jumamosi iliyopita nilimpanga kijana pamoja na yule mkubwa wetu, fundi wa boti, ambaye kwa kawaida namweka upande wa pili. Upepo wa maleleji ulikuwa mwepesi. Mara tatu kijana aliingia mpaka chini akagongana na watu. Mara ya nne aliingia hatua mbili, akasimama. Alisimama kweli, mlinzi wake akapita kama aliyesahau kitu mbele. Akatupa, mpira ukagonga ringi ukatoka. Mkubwa akaurudisha mikononi mwake, akamwambia, "Tena hapo hapo."